Mota na gia za meli ya mfano yenye magurudumu ya kasia

SWALI

Fundi, habari za kazi. Ninaunda mfano wa meli ya abiria ya zamani, ile ya mvuke yenye gurudumu la kasia kila ubavu. Kipimo ni 1 kwa 48. Urefu wake majini ni sentimita 105. Ili izame hadi kwenye mstari wake inatakiwa ifike kilo 4.5, na sasa hivi ikiwa tupu ina kilo 2.6. Kila gurudumu lina kipenyo cha milimita 120 na vibao vinane vilivyokazwa, kila kimoja kina kimo cha milimita 18. Nimefunga mota ya saizi ya 540 niliyoitoa kwenye gari la rimoti, betri ya volti 7.2, na jozi moja ya gia za 5 kwa 1. Nilipoijaribu, maji yaliruka juu kuliko bomba la moshi, meli ikasogea kwa shida, na baada ya dakika tatu mota ilikuwa haishikiki kwa joto. Nitafute mota yenye nguvu zaidi? Au niweke mota mbili? Bwawa ninaloendea si pana.

JIBU

Ndugu yangu, usitafute nguvu zaidi. Hiyo 540 ina nguvu nyingi kuliko meli yako itakavyowahi kuhitaji. Kilichopungua ni gia, na kimepungua kwa mbali sana: umepunguza mzunguko mara 5 mahali palipotaka mara 50 hivi. Nitakuonyesha hiyo 50 inatoka wapi, kwa sababu ukishaishika hesabu yake utaifanya mwenyewe kwa meli ijayo.

Kosa hili nimeliona mara nyingi na chanzo chake ni kilekile. Tunaanza na mota iliyopo kabatini, kisha tunahangaika kuiunganisha na gurudumu. Kwenye boti ya rafadha (panga linalozunguka chini ya maji) njia hiyo inasameheka, maana rafadha ni ndogo na inapenda kuzunguka maelfu ya mara kwa dakika, na mota ndogo zinapenda hivyohivyo. Gurudumu la kasia ni jambo jingine. Ni kubwa, ni la polepole, na linayasukuma maji kwa mkono mrefu. Hesabu yake huanzia majini, ikapanda hadi gurudumuni, ikapita kwenye gia, ndipo ikafika kwenye mota. Betri inakuja mwisho kabisa.

Basi tuanzie majini. Meli yako ingekuwa halisi ingekuwa na urefu wa mita 50 hivi, na kwa meli ya abiria ya aina hiyo maili 12 za baharini kwa saa ni mwendo wa kuaminika, yaani karibu mita 6.2 kwa sekunde. Ukishuka kwenye mfano, mwendo haugawanywi kwa 48. Unagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 48, ambacho ni karibu 6.9, kwa sababu mawimbi ambayo chombo huyazua kikiwa kinakwenda hufuata urefu wake kwa kanuni hiyo. Unapata mita 0.9 kwa sekunde. Ukitembea taratibu ukingoni mwa bwawa utakwenda nayo sambamba, na mawimbi yake ya omo (mbele) na ya tezi (nyuma) yatafanana na yale ya meli kubwa kwenye picha. Ukiikimbiza zaidi ya hapo itaanza kuonekana kama mwanasesere.

Sasa gurudumu. Maji hayashikwi na ukingo wa nje wa kibao, yanashikwa karibu na katikati yake. Toa kimo cha kibao kimoja kwenye kipenyo: 120 kasoro 18 ni 102. Mzingo wa duara la milimita 102 ni milimita 320. Maji yangekuwa sakafu, kila mzunguko ungeisogeza meli sentimita 32. Lakini maji huteleza. Kwa vibao vilivyokazwa kwenye mfano wa ukubwa huu mimi huhesabu mtelezo wa asilimia 30, maana yake gurudumu lazima liende kasi kuliko meli: 0.9 gawanya kwa 0.7, karibu mita 1.29 kwa sekunde. Gawanya kwa 0.32 upate mizunguko 4 kwa sekunde, yaani 240 kwa dakika.

Hesabu hii ina njia ya kuihakiki, nami siachi kuitumia. Mizunguko ya mfano ukiigawanya kwa kile kipeuo cha pili unarudi kwenye meli halisi. 240 kwa 6.9 ni karibu 35 kwa dakika, na hicho ni kiwango cha kawaida kwa meli za magurudumu. Waverley, iliyoundwa Glasgow mwaka 1946 na ambayo bado hubeba abiria baharini, huvuka 50 inapokimbizwa, lakini hiyo ni meli ya kasi. Ungepata 150 au 200 kwa meli halisi, ungejua kuna tarakimu umekosea.

Na hiyo 240 ni ukomo wa juu. Utamu wa meli hizi uko kati ya 120 na 180, pale jicho linapoweza kufuata kibao kimoja kikiingia majini na kingine kikitoka kinadondosha matone. Mota na gia zinatakiwa zikupe 240 bila kulia, halafu muda mwingi uendeshe chini ya hapo.

Mota yako ni ya kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) na sumaku za kudumu, na mota za namna hiyo zina tabia moja inayoeleza kila kilichokupata. Ikiwa haina mzigo, kasi yake hufuata volti. Ukiipa mzigo, kasi inashuka na ampea zinapanda, na nguvu ya kuzungusha, ambayo mafundi huiita toki, hupanda pamoja na ampea. Mota hufanya kazi vizuri inapobaki kwenye asilimia 75 hadi 85 ya kasi yake ya bila mzigo. Ikishushwa hadi nusu, inatoa nguvu yake kubwa kabisa lakini inapoteza kwa joto kiasi kama kile inachokitoa au zaidi. Ikikwama kabisa, kila wati inayotoka kwenye betri inaishia kuwa joto.

Mota ya 540 ya gari, kwa volti 7.2, huzunguka karibu mara 15,000 kwa dakika bila mzigo. Asilimia 80 yake ni 12,000. Gawanya kwa 240: hiyo ndiyo 50 niliyoitaja. Kwa gia zako za 5 kwa 1 mota ilitaka gurudumu lizunguke mara 2,400 kwa dakika. Maji yakakataa, kwa sababu toki inayodaiwa na gurudumu hukua kwa kipeo cha pili: ukiongeza mzunguko mara mbili, toki inapanda mara nne. Mota ikavutwa chini hadi karibu na kukwama, na hapo ndipo joto lilipotoka. Ile chemchemi uliyoiona nayo ina maelezo. Gurudumu linalokwenda kasi kupita kiasi huchimba shimo ndani ya maji, vibao vinavyofuata vinaingia kwenye povu na hewa badala ya kuingia kwenye maji mazito, na nguvu inaishia kurusha maji juu. Mota ya nguvu zaidi ingechimba shimo kubwa zaidi.

Meli yako inahitaji nguvu kiasi gani hasa? Watu hushangaa hapa. Kwa chombo chembamba cha kilo 4.5 kinachokwenda mita 0.9 kwa sekunde, ukinzani wa maji nakadiria ni kama uzito wa gramu 80 hivi. Nguvu ya kukisukuma haifiki wati moja. Magurudumu madogo ya vibao vilivyokazwa hupoteza zaidi ya nusu ya kinachoingia, kwa hiyo weka wati 1.8 kwenye shafti. Gia zinakula kidogo, mota inakula zaidi. Unafika kwenye wati 4 kutoka kwenye betri, tuseme 6 tukiwa waangalifu. Toki kwenye shafti inakuja karibu 0.07 ya nyutoni-mita kwa magurudumu yote mawili, au kwa lugha ya maandishi ya mota zenye gia, karibu 0.7 ya kilo-sentimita. Unapoondoka ukiwa umesimama, au unapogeuza magurudumu nyuma ili usimame ghafla, hitaji hilo hupanda sana, kwa hiyo mimi hununua mara tatu: kilo-sentimita 2 kwa shafti moja, au 1 kwa kila gurudumu kama yanaendeshwa mbalimbali.

Kabla hujatumia makadirio yangu, pima mwenyewe. Chukua mizani ndogo ya kuning'iniza, ifunge kwa uzi puani mwa meli, uivute polepole ukiwa unatembea kwa mwendo ule wa mita 0.9 kwa sekunde. Meli yako inaweza kuwa na tumbo pana kuliko ninavyoiwazia.

Sasa tuingie kwenye mota zenyewe. Njia rahisi, na ndiyo ninayokushauri, ni mota ndogo zinazouzwa zikiwa na gia zake za chuma ndani ya kasha moja, za kipenyo cha milimita 37 hivi. Tafuta iliyoandikwa volti 12 na mizunguko 300 bila mzigo. Asilimia 80 ya 300 ni 240 kamili. Usivutiwe na ile ya mizunguko 100 eti kwa sababu toki yake ni kubwa. Itakuwa na nguvu ambayo meli haiwezi kuitumia na mwendo utakaokukatisha tamaa. Wala usichukue ya 600 ukijiambia utaiendesha kwa nusu. Itaendeshwa, ila siku utakaposukuma kijiti cha rimoti hadi mwisho utarudi kwenye chemchemi.

Njia ya pili inampendeza zaidi mwenye masikio. Mota ya polepole ya mwili mrefu, yenye mizunguko 6,000 kwa volti 12, pamoja na mkanda wa meno. Asilimia 80 ni 4,800, na 4,800 kwa 240 ni 20. Hiyo unaigawa mara mbili: mkanda wa 4 kwa 1 kutoka kwenye mota, kisha mwingine wa 5 kwa 1 hadi kwenye shafti ya magurudumu. Hatua ya kwanza ndiyo yenye kelele kwa sababu ndiyo inayokimbia, kwa hiyo hata kama hatua ya pili utaweka gia za kawaida, ya kwanza iwe ya mkanda. Kelele ni jambo ninalolichukulia kwa uzito. Meli ya mvuke ya magurudumu ilikwenda kimya, ukasikia vibao vinapiga maji na pumzi ya injini. Mfano unaonguruma kama mashine ya kusagia unapoteza nusu ya uzuri wake, na bodi nyembamba ya mbao ni kama ngoma: huikuza kila kelele inayofungwa juu yake. Weka mpira laini chini ya kitako cha mota.

Mota ya drili ya betri pamoja na gia zake ni imara na wengi hupenda kuitumia, lakini ina sauti kubwa na inakunywa ampea nyingi hata bila kazi. Kwa meli ya mita mbili, sawa. Mota ya waipa za gari ina toki ya ajabu, ila nyingi huzunguka kati ya 40 na 70 kwa dakika, ni nzito, na mara nyingi waya wake hasi umeunganishwa na bodi ya mota yenyewe. Ukiziweka mbili kama hizo kwenye fremu moja ya chuma na kuzigeuza mbele na nyuma kwa vidhibiti viwili, utapata shoti. Mota zisizo na kaboni ni nzuri kwa boti za kasi. Kwa kazi hii zile zisizo na vihisi ndani yake husita na kutetemeka zinapoanza polepole, na kuanza polepole ndiko tunakokutaka kuliko kitu kingine. Iache 540 yako kwa boti ya rafadha.

Kuhusu gia ya parafujo: ni kimya na hupunguza mzunguko mwingi kwa hatua moja, ndiyo maana watu huipenda. Lakini nyingi zake hazikubali kuzungushwa kutoka upande wa pili. Ukikata umeme meli ikiwa kwenye mwendo, magurudumu yanasimama palepale yakawa breki mbili ndani ya maji, na mshtuko huo unabebwa na vibao vyako na gundi yake. Betri ikiisha katikati ya bwawa, upepo nao unapata kazi ngumu kuileta meli nchi kavu. Ukiitumia, punguza mwendo taratibu kila mara.

Vyovyote utakavyochagua, usilitundike gurudumu moja kwa moja kwenye shafti ya mota ya gia. Beringi za ndani ya kasha lile hazikuundwa kubeba gurudumu linalopigwa na maji mara 32 kwa sekunde. Kwa vibao vinane na mizunguko minne kwa sekunde, hesabu ni hiyo. Shafti ya gurudumu iwe na bushi zake mbili, halafu mota ilale chini kabisa ya bodi, karibu na mkuku (uti wa chini wa meli), na mkanda wa meno wa 1 kwa 1 upande hadi kwenye shafti. Utapata faida mbili kwa mpigo: mota haibebi mzigo wa pembeni, na uzito wake unashuka chini mahali unapohitajika. Meli ya magurudumu ina magurudumu, vifuniko vyake, bomba la moshi na sitaha, vyote juu, kwenye bodi nyembamba. Kila gramu inayoshuka chini inasaidia.

Una bahati moja ambayo wenye rafadha hawana. Shafti yako iko juu ya mstari wa maji, kwa hiyo huhitaji mrija uliojazwa grisi wa kuzuia maji yasiingie. Hata hivyo maji yanayorushwa ndani ya kifuniko hutembea juu ya shafti kuelekea ndani kama chungu juu ya uzi. Vika pete ndogo ya mpira kwenye shafti, nje ya bushi. Maji yakifika hapo yanarushwa pembeni kabla hayajaingia. Na chini ya bushi, upande wa ndani, weka kikombe kidogo au kipande cha sponji. Maji yakijaa kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani) ya meli nyembamba hukimbilia upande mmoja na kuipindua.

Mota moja au mbili? Hapa kuna historia kidogo ya kukuongoza. Meli nyingi za abiria zilikuwa na shafti moja iliyopita kutoka ubavu hadi ubavu, kwa hiyo magurudumu yote mawili yalizunguka pamoja, yakitaka yasitake. Waverley iko hivyo. Tagi, yaani meli ndogo za kuvuta meli kubwa, ndizo zilizohitaji magurudumu yanayojitegemea, maana kazi yake ni kujipinda mahali pembamba. Mfano ninaoupenda ni zile tagi saba za aina ya Director za Jeshi la Majini la Uingereza, za miaka ya mwisho ya 1950: injini za dizeli zilizalisha umeme, na kila gurudumu likawa na mota yake ya umeme. Mfumo utakaoujenga wewe kwa mota mbili ni wao uliopunguzwa.

Meli yako ni ya abiria, na kwa uaminifu wa historia ungefunga shafti moja. Tatizo ni usukani. Kwenye boti ya rafadha maji yanayosukumwa hupiga moja kwa moja kwenye usukani, hivyo unapinda hata ukiwa karibu kusimama. Magurudumu ya ubavuni husukuma maji pembeni, usukani ukabaki kwenye maji tulivu, ukingoja meli ipate mwendo ndipo uanze kutii. Bwawa lako si pana. Nakushauri mota mbili, kila moja na kidhibiti mwendo chake, na kichanganyaji kwenye rimoti kinachopunguza gurudumu la ndani unapokata kona. Kipunguze kwa kiasi, tuseme asilimia 30 au 40, na usukani ufanye kazi yake pia. Kulipeleka gurudumu moja mbele na jingine nyuma kwa nguvu zote meli ikiwa kwenye mwendo kutaiinamisha, gurudumu moja litazama na jingine litaning'inia hewani, na meli ya abiria haikuwahi kuonekana ikifanya hivyo. Mbinu hiyo ibaki kwa ajili ya kujitoa kwenye ukingo.

Kuna mtego mmoja kwenye mota mbili ambao humtoa mtu jasho bure. Baadhi ya mota kaboni zake zimetegwa ili ziende vizuri zaidi upande mmoja. Mbele zina kasi, nyuma zinalegea. Ukizifunga zikitazamana kama watu wawili mezani, moja itazunguka kulia na nyingine kushoto ili meli iende mbele, na meli itavuta upande mmoja siku zote. Pima kabla ya kufunga: ziendeshe kwa volti zilezile pande zote mbili, uhesabu mizunguko. Kama zinatofautiana kwa upande, zifunge zote zikitazama upande mmoja.

Na kama baadaye utaamua kutumia kidhibiti kimoja kwa mota zote mbili, ziunganishe sambamba, yaani chanya na chanya, hasi na hasi, ili kila moja ipate volti kamili na kasi zao zikaribiane. Ukiziunganisha kwa mfululizo zinagawana volti: gurudumu moja likiinuka kidogo juu ya maji linakimbia na kuchukua volti za mwenzake, na lile lililo majini, ambalo ndilo unalolitegemea, linalegea.

Ukichagua shafti moja licha ya ushauri wangu, ongeza eneo la usukani chini ya maji kwa nusu yake, na uyafunge magurudumu yakiwa yamepishana. Vibao vinane viko nyuzi 45 kimoja hadi kingine. Geuza gurudumu moja nyuzi 22 na nusu. Mapigo ya kulia yataangukia katikati ya mapigo ya kushoto, na mota itahisi mzigo ulio laini zaidi.

Kina cha vibao nimekiweka nyuma lakini kinaweza kuharibu kila tulichohesabu. Meli ikiwa na uzito wake kamili, kibao kilicho chini kabisa kiwe kimezama, na ukingo wake wa juu uwe milimita chache tu chini ya maji. Ukizidisha kina, vibao vinaingia vikiwa vimelala na kuyapiga maji chini, kisha vinatoka vikiwa vimebeba maji mgongoni. Mota inalia na meli haiongezi mwendo. Tatizo hilo ndilo lililowafanya mafundi wa zamani wabuni vibao vinavyojigeuza vyenyewe ili viingie na kutoka vikiwa wima. Elijah Galloway alikata hataza ya mfumo huo Uingereza mwaka 1829. Kwenye mfano inawezekana, na ni kazi nzuri sana kwa mwenye subira, ila kila kiungo kidogo kinaongeza msuguano. Kwa meli yako ya kwanza, vilivyokazwa vinatosha. Fanya tu vishikio vya bushi viweze kupanda na kushuka kwa vipande vyembamba vya plastiki chini yake, kwa sababu hutajua kina halisi hadi farumi yote (uzito wa kuizamisha meli hadi kwenye mstari wake) iwe ndani.

Farumi inatuleta kwenye betri. Unahitaji kilo 1.9 kufika kwenye mstari. Mota mbili za gia za milimita 37 zinachukua karibu gramu 400. Zinabaki kilo 1.5. Betri mbili za risasi zilizofungwa, za volti 6 na ampea-saa 4, kila moja ina uzito wa gramu 700 hadi 800. Zifunge kwa mfululizo upate volti 12, ziweke chini kabisa, moja mbele ya magurudumu na nyingine nyuma, kisha zisogeze hadi meli ikae sawa kutoka omo hadi tezi. Kwa mwendo wa wati 6 unatumia nusu ampea hivi, kwa hiyo utachoka wewe kabla ya betri. Betri za lithiamu ni nyepesi na bora kwa mambo mengi, lakini hapa ungezinunua kisha ukanunua na vyuma vya kurudisha uzito uliouokoa.

Usiruke sehemu ya fyuzi. Msimu mmoja kijiti kisichozidi unene wa penseli kiliingia kati ya kibao na kifuniko cha gurudumu langu la kulia, meli ikiwa katikati ya maji. Niliona inapinda, nikadhani ni upepo, nikasukuma rimoti mbele. Kidhibiti kiliungua na kuyeyusha waya uliokuwa karibu nacho, na niliingia majini na nguo zangu kuifuata. Gurudumu la kasia huokota majani na vijiti kuliko chombo kingine chochote. Pima ukinzani wa mota kwa mita, ukigeuza shafti kidogo kila mara, uchukue namba ndogo kabisa. Ikiwa ni omu 3, mota ikikwama kwa volti 12 itavuta ampea 4. Kidhibiti kiwe na uwezo zaidi ya huo, cha ampea 10 kinatosha, na kila mota iwe na fyuzi yake ya ampea 2. Kwa kuwa una vidhibiti viwili, chomoa waya mwekundu wa kimoja kati ya viwili hivyo kabla ya kuvichomeka kwenye risiva (kipokezi cha rimoti), visishindane kuilisha umeme. Kila mota ipate kapasita ndogo kati ya ncha zake mbili, na moja kutoka kila ncha hadi kwenye bodi ya mota, kuzima kelele za umeme zinazotoka kwenye kaboni.

Siku ya majaribio chukua mita ya ampea. Kwanza ifunge meli kwa kamba ukingoni, uendeshe kwa nguvu zote sekunde kumi, usome. Kisha iachie iende, na usome tena kama mita yako inaweza kukaa ndani. Kwenye kamba ampea zitakuwa juu. Ikiachiwa zinatakiwa zishuke waziwazi. Zisiposhuka, inua magurudumu milimita mbili urudie. Baada ya dakika 15 fungua sitaha uguse mota: uvuguvugu ni sawa, mota usiyoweza kuishika ina maana bado kuna mzigo uliozidi, na kwa mota hizi wa kwanza kumshuku ni kina cha vibao. Niandikie ampea ulizozipata kwa kila upande, nami nitakuambia kama magurudumu yako mawili yanabeba mzigo sawa.